Ukienda kula kwa Mbuzi Kipofu, anza na kibakuli cha kuchovya

Christine Ha alishinda MasterChef ya Marekani, shindano la upishi la runinga, mwaka 2012, msimu wa tatu, akiwa karibu haoni kabisa. Ugonjwa wa neva uitwao neuromyelitis optica ulikuwa umeshamnyang'anya nuru ya macho, naye akapika mbele ya kamera kwa pua, ulimi, vidole na masikio, pembeni akiwa na msaidizi mmoja wa kumweleza kilichopo mezani. Mwaka 2019 alifungua mgahawa wake wa kwanza mjini Houston, Texas, akauita The Blind Goat, yaani Mbuzi Kipofu. Upofu ni wake mwenyewe. Mbuzi ni wa mwaka aliozaliwa, 1979, ambao katika kalenda ya Wavietinamu ni mwaka wa mbuzi. Mwaka 2020 mgahawa huo uliingia kwenye orodha ya awali ya tuzo za James Beard, tuzo kubwa za wapishi na migahawa ya Marekani, upande wa migahawa mipya. Mwaka huohuo akafungua wa pili, Xin Chào, pamoja na mpishi mwenzake Tony J. Nguyen, na mwaka 2022 wawili hao wakafika fainali ya tuzo hizohizo kwa wapishi wa Texas.

Sifa hizo zinatosha kumfanya mtu afunge safari. Tatizo linaanza akishakaa. Wengi wanaoingia mgahawa wa mtu waliyemwona kwenye runinga huagiza kile walichokiona kwenye runinga, wakapiga picha, wakala kama wanavyokula popote, wakaondoka wakisema "mbona kawaida tu." Chakula cha Kivietinamu hakimalizikii jikoni. Mpishi anakuletea kikiwa kimebakiza hatua, na hatua hizo ni zako: majani, ndimu, pilipili, na kibakuli kidogo cha mchuzi wa kuchovya kinachoitwa nước chấm. Asiyejua kukimalizia atamwonea mpishi bure.

Kibakuli chenyewe

Kabla hujagusa kitu kingine chochote, chukua kijiko uonje kibakuli hicho peke yake. Rangi yake iwe ya dhahabu hafifu, kama chai ya rangi isiyokolea, na juu yake vielee vipande vidogo vya kitunguu saumu na pilipili. Ulimi ukutane na chumvi kwanza, halafu ndimu, halafu sukari, na ukali uje mwishoni. Harufu ya samaki iwepo, ila kwa mbali, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Sukari ikitangulia, jikoni wamewaogopa wateja wasiozoea samaki. Samaki akitangulia, ndimu ilikuwa kidogo au mchuzi umelala tangu jana. Maji ya ndimu yakilala hupoteza ule mkato wake. Kibakuli hiki ndicho kipimo chetu cha kwanza kwa mgahawa wowote wa Kivietinamu, wa mtu maarufu au wa mama asiyejulikana. Nyama nzuri inaweza kununuliwa, lakini mizani ya chumvi, uchachu na utamu inataka mtu anayeonja kila siku kabla mlango haujafunguliwa.

Ndani ya kibakuli kuna nước mắm, mchuzi wa samaki. Ni dagaa wa baharini na chumvi, takriban sehemu tatu za dagaa kwa moja ya chumvi, wanaachwa kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka mzima au zaidi mpaka wanatoa maji ya rangi ya kahawia. Kisiwa cha Phú Quốc ndicho chenye jina kubwa kwa kazi hii. Msomaji wa Unguja au Pemba asiogope: dagaa wanaoanikwa kwenye fukwe zetu ni jamaa wa karibu wa samaki hao. Ukinunua chupa, soma viungo. Iliyo nzuri ina samaki na chumvi tu, pengine na sukari kidogo, na nyingi huandikwa namba kama 40°N, inayoonyesha wingi wa protini. Namba ikiwa kubwa, mchuzi ni mzito, na wa kuchovya hutosha kidogo.

Hesabu ya nyumbani ni rahisi kukumbuka: moja, moja, moja, nne. Vijiko 2 vya chakula vya sukari, 2 vya maji ya ndimu, 2 vya mchuzi wa samaki, 8 vya maji ya vuguvugu. Koroga sukari kwenye maji mpaka iyeyuke, subiri yapoe kabisa, weka ndimu, kisha mchuzi wa samaki, huku unaonja. Mwisho kabisa tia punje moja ya kitunguu saumu na pilipili kichaa moja, vyote vikiwa vimekatwakatwa vidogo sana. Ukikosea mpangilio utaona mara moja. Ndimu ikiingia kwenye maji ya moto inachachuka vibaya na kuleta uchungu. Kitunguu saumu kikitangulia kinazama chini, na wa kwanza kuchovya anapata maji matupu. Pilipili mbuzi usitumie hapa, hata kama unaipenda. Harufu yake ni kubwa mno, inafunika kila kitu. Ndimu ya chupa nayo iache dukani.

Namna ya kuagiza

Meza ya watu wanne isiagize sahani nne za aina moja, kila mtu yake. Agizeni vya katikati: viwili vya kuanzia, kimoja cha kuchoma au kukaanga kwenye wali au tambi, kimoja cha supu, na saladi moja ya uchachu. Mkishamaliza vya kuanzia, angalieni matumbo yenu ndipo muongeze. Kuagiza vyote kwa mara moja kuna hasara maalumu kwa chakula hiki, kwa sababu karibu kila kitu kina muda wake mfupi wa kuwa kizuri. Bánh xèo, mkate mwembamba wa kukaanga, ni dakika tano. Phở, supu ya tambi, ni dakika kumi, baada ya hapo tambi zinavimba. Vikija vyote pamoja, viwili vitaharibika mbele ya macho yenu.

Mwombe mhudumu avilete kwa zamu, na umwambie neno hilo wakati wa kuagiza. Sahani zikishafika mezani hakuna cha kurekebisha.

Bánh xèo inastahili kuzungumzwa taratibu, kwani ndiyo inayowashinda wageni wengi. Ni mkate mwembamba wa unga wa mchele na tui la nazi, umetiwa binzari ya manjano, umekaangwa kwenye kikaango cha moto hadi ukingo wake unakuwa kama kioo. Mtu wa pwani atakumbuka vibibi, ila hii haina hamira wala sukari, na ndani imekunjiwa kamba, mara nyingi nyama ya nguruwe, na choroko zilizochipua. Jina lake ni mlio: xèo ni ile sauti ya uji wa unga ukimwagwa kwenye mafuta ya moto. Mpishi asiyeona anaweza kujua kwa sauti hiyo pekee kama kikaango kimefika. Sauti ikiwa kubwa na kali, ukingo utakauka vizuri. Ikiwa ya chini, mkate utanyonya mafuta.

Ikifika mezani usiishambulie kwa uma na kisu. Chukua jani zima la saladi, liweke kiganjani likiwa limekunjuliwa. Vunja kipande cha mkate kisichozidi urefu wa vidole viwili, hakikisha kina ukingo mkavu na sehemu laini ya katikati. Weka juu yake majani mawili matatu ya kunukia, kunja kama sambusa isiyofungwa, chovya mpaka nusu, kula kwa mafunda mawili. Ukijaza kupita kiasi, jani linapasuka na mchuzi unashuka hadi kiwiko. Ukimwaga mchuzi juu ya mkate mzima, umeua ukingo wake. Hata mpishi mwenyewe hawezi kuurudisha.

Majani yanakuja kwenye sahani yake, rundo zima, na hayakuletwa kuwa pambo. Nanaa utaitambua. Mrehani wa huko, húng quế, una shina la zambarau na harufu inayokaribia anisi. Jani refu lenye meno pembeni ni ngò gai. Linanukia kama kotimiri lakini kwa nguvu maradufu, kwa hiyo likate vipande. Jani la kijani juu na zambarau chini ni tía tô, linafaa sana na vitu vya mafuta. Rau răm ina majani membamba yaliyochongoka na ukali kama wa pilipili manga. Ukila nyingi inawasha koo. Onja kila moja peke yake, mara moja tu, na kuanzia hapo mkono wako utachagua wenyewe.

Chả giò, zile roli za kukaanga, zinafungwa kwa jani namna hiyohiyo. Gỏi cuốn, roli mbichi za karatasi ya mchele, hazihitaji jani, kwani majani yamo ndani. Hizo mara nyingi huja na mchuzi mzito wa karanga. Bonyeza roli kwa kidole: ikiwa laini na inashika kidogo, imekunjwa sasa hivi. Ikiwa ngumu kama mpira, ilikaa kwenye friji.

Supu

Phở ya ng'ombe ni mifupa iliyochemshwa kwa moto mdogo saa nyingi, sita hadi kumi na mbili, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyounguzwa kwanza kwenye moto, mdalasini, karafuu, iliki nyeusi, giligilani, na ile anisi yenye umbo la nyota. Viungo hivi vingi vimo kwenye makabati yetu ya pilau, ila hapa havikaangwi kwa mafuta wala havisagwi. Vinakaushwa kidogo kwenye kikaango na kufungwa kwenye kitambaa, kisha vinatolewa kabla havijatoa uchungu.

Kosa la kawaida ni kumimina mchuzi mtamu mweusi wa hoisin na pilipili nyekundu ya chupa kabla ya kuonja. Supu imetumia usiku mzima kuwa safi, nawe umeigeuza kuwa kitu kingine kwa sekunde mbili. Kunywa vijiko vitatu vitupu. Kisha kamua kipande cha ndimu, tia choroko chache zilizochipua na majani, onja tena. Hoisin na pilipili weka kwenye kisahani kidogo cha pembeni, uchovye nyama humo. Choroko mbichi zikiwa nyingi hupooza supu. Kama unazipenda kwa wingi, omba zichovywe kwenye maji ya moto jikoni.

Majina ya nyama ni mafupi na yanafaa kukaririwa. Tái ni nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, inaivia ndani ya bakuli. Chín imeiva kabisa. Gân ni kano, laini kama gundi ya kongoro. Sách maana yake ni kitabu, nayo ni ile sehemu ya utumbo yenye kurasa kurasa. Usiyependa damu damu agiza chín, au omba tái iletwe kwenye sahani yake ili uitumbukize mwenyewe kidogo kidogo wakati supu ingali inachemka.

Nguruwe, karanga na kamba

Houston ina Waafrika wengi wa Mashariki na Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na baadhi yao ni Waislamu au watu wasiokula nguruwe kwa sababu nyingine. Kwenu ninyi, kuuliza "je, hiki ni nguruwe?" hakutoshi. Nguruwe hujificha. Bánh mì ya kuku, yaani mkate uliojazwa nyama na mboga, yaweza kupakwa maini ya nguruwe yaliyosagwa. Bún bò Huế jina lake lina neno bò, ng'ombe, lakini supu yake mara nyingi ina kwato za nguruwe na vipande vya damu iliyoganda. Chả lụa, ile soseji nyeupe laini, ni nguruwe. Kujaza kwa chả giò mara nyingi ni nguruwe na kamba, na hata ukiagiza za mboga, huenda zikakaangwa kwenye mafuta yaleyale.

Kwa hiyo uliza maswali matatu: ndani kuna nini, supu imechemshwa na mifupa ya nini, na mafuta ya kukaangia yanachangiwa na nini. La nne, kama unataka nyama ya kuchinjwa kwa sheria, uliza nyama imetoka wapi. Ng'ombe kuwa ng'ombe hakumfanyi kuwa halali. Jibu likiwa na kigugumizi, nenda kwenye samaki au vyakula vyenye neno chay, linalomaanisha visivyo na nyama. Katika vya chay, hata kibakuli cha kuchovya hutengenezwa bila samaki, lakini thibitisha.

Mwenye mzio wa karanga au kamba aseme kabla ya menyu kufunguliwa. Karanga za kukaanga hunyunyizwa juu ya tambi na saladi bila kutajwa, na mắm tôm, yaani rojo ya kamba waliochachushwa, huingia kwenye supu bila kuonekana kabisa.

Jina la kwenye runinga

Mshindi wa mashindano huwa hayuko jikoni kila usiku. Ana safari, ana mafunzo ya kutoa, na shughuli nyingine. Anayekupikia ni timu yake, na kazi yake yeye ni kuhakikisha kibakuli cha Jumanne kinafanana na cha Jumamosi. Usimpangie safari kana kwamba umeahidiwa kuonana naye.

Akiwepo, mheshimu. Mtu asiyeona haguswi ghafla begani wala kuvutwa mkono kwa ajili ya picha. Mkaribie akiwa hana kazi mkononi, sema jina lako na ulipotoka, muulize kama ana dakika moja. Simu usimsogezee usoni. Mweleze imeshikwa wapi. Ukimaliza, mwambie unaondoka, usimwache akizungumza na hewa.

Kuna pai moja ya matofaa iliyohusishwa sana na jina lake. Kwenye mashindano aliambiwa aoke pai, akaamini imeharibika, jaji Gordon Ramsay akamwelezea kwa maneno jinsi ilivyoiva vizuri. Baadaye pai ikaingia kwenye menyu ya The Blind Goat ikiitwa Rubbish Apple Pie, pai ya takataka. Ikiwepo, agizeni moja mgawane. Lakini ukiwa na nafasi ya kitu kimoja tu cha ziada, tungekushauri utazame kwanza kama kuna chakula cha mbuzi. Wavietinamu wana mchuzi wa mbuzi wa kari, cà ri dê, wenye mchaichai na tui la nazi, na mlaji wa kwetu ndiye mwenye haki ya kuuhukumu: nyama itoke kwenye mfupa kwa uma bila kuvutwa, na mchaichai usikike kabla ya bizari.

Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha anwani na saa za kufungua siku hiyohiyo. The Blind Goat ilianza katikati ya jiji, ndani ya jengo la vibanda vya chakula, ikahamia Long Point Road upande wa Spring Branch, na maelekezo ya zamani bado yanazunguka. Jioni za katikati ya wiki, mara tu jikoni linapofunguliwa, ndio wakati mzuri: mafuta ni mapya, majani hayajanyauka, na mhudumu ana muda wa kujibu maswali yako ya nguruwe.

Bili, kahawa, na kinachobaki

Bei ya menyu siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo Houston ni asilimia 8.25, na bakshishi ya kawaida ni asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi. Chakula cha dola 100 kinakuwa dola 128.25 ukitoa asilimia 20. Mkiwa kundi la sita au zaidi, soma bili mstari kwa mstari, maana bakshishi inaweza kuwa imeshawekwa; wengi huilipa mara mbili kwa haraka ya kuondoka.

Kahawa agiza dakika kumi kabla ya kuihitaji. Cà phê sữa đá, kahawa ya maziwa na barafu, inachujwa kwa kichujio kidogo cha bati kinachokaa juu ya glasi, phin, na inadondoka tone kwa tone kwa dakika nne au tano. Chini kuna vijiko viwili vya maziwa mazito ya kopo. Ikikoma kudondoka, unga umeshindiliwa sana. Legeza kidogo kifuniko cha ndani. Ikimiminika kama bomba, umelegea, na kahawa itakuwa maji. Koroga maziwa yachanganyike kabisa kahawa ikiwa moto, ndipo umimine kwenye barafu, la sivyo maziwa yataganda chini. Kahawa ya Vietnam kwa sehemu kubwa ni robusta, aina ileile inayolimwa Kagera, ndiyo maana uchungu wake unahimili utamu wote huo.

Ukibeba kilichobaki, omba supu iwekwe chombo chake na tambi chombo chake. Zikilala pamoja, asubuhi utakuta uji. Supu iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, ichemshwe mpaka itokote kabla ya kumiminwa juu ya tambi. Majani yafunge kwenye karatasi yenye unyevu, usiyapashe moto. Bánh xèo usiibebe, imalize palepale mezani.